Jeg si "mimi": vile vineno vya Kinorwei vinavyotutoa jasho

Siku ya kwanza ya kosi ticha alisimama mbele ya darasa, akajigonga kifuani na kidole, akasema "yai". Akarudia, "yai". Mi nikamwangalia dada mmoja Mkongo niliyekuwa nimekaa naye, naye akaniangalia, tukainamisha vichwa tusije tukacheka, maana wote wawili tumesikia kitu cha kukaanga. Kumbe anasema jeg. Inaandikwa j-e-g, inasomwa karibu kabisa na yai, na ndo neno utakalolisikia kuliko yote ukiishi Norwei, yai yai yai kutwa nzima kwenye basi, dukani, kazini.

Baada ya hapo akaandika ubaoni yote tisa: jeg, du, han, hun, den, det, vi, dere, de. Mkononi tukapewa karatasi yenye tafsiri, jeg ni mimi, du ni wewe, han na hun ni yeye, vi ni sisi, dere ni nyinyi, de ni wao. Den na det zimeandikiwa "hiyo, hicho, hilo". Nikasema moyoni hii lugha mbona nyepesi, maneno tisa, jioni hii nakariri nalala. Na kweli nilikariri jioni ileile. Nilichokuja kugundua baadaye sana ni kwamba ile karatasi ilinidanganya kuanzia mstari wa kwanza, na makosa mengi nayoyasikia kwetu sie watu wa Kiswahili huku yanaanzia kwenye karatasi kama ile.

Jeg sio mimi. Jeg ni NI-.

Ngoja nieleze. Kwa Kiswahili ukitaka kusema unaishi wapi unasema "naishi Trondheim". Mimi hauna haja nayo. Mtenda yuko mule ndani ya kitenzi, ile na- ni ni- na -a- zimeshikana, mtu yeyote anajua ni wewe unayejisemea. Ukisema "mimi naishi Trondheim" umeongeza kitu, yaani mimi hapa, sio huyo mwingine, yeye anaishi Oslo. Mimi ni neno la kujitofautisha. Sasa Mnorwei anaposema "jeg bor i Trondheim" hajitofautishi na mtu, anasema tu "naishi Trondheim", basi. Ile jeg inatamkwa haraka, haina uzito wowote, kama sisi tunavyopitia juujuu ile ni-. Kwa hiyo ukiwa na mazoea ya jeg = mimi kichwani, mambo mawili yanatokea. Au unaiacha, kwa sababu kwetu mimi inaachwa, unasema "bor i Trondheim" na Mnorwei anasubiri umtajie nani anaishi. Au unaikazia, JEG bor i Trondheim, unasikika kama unabishana na mtu ambaye hayupo.

Na kwa nini wao hawawezi kuiacha? Kwa sababu kitenzi chao hakina mtu ndani. Hapa ndo raha ya Kinorwei ilipo, wallah, wanaosoma Kifaransa wakisikia wanalia: kitenzi hakibadiliki. Chukua snakker, yaani kuongea. Jeg snakker, du snakker, hun snakker, vi snakker, dere snakker, de snakker. Wote snakker. Hata "kuwa", ambayo lugha nyingi za Ulaya inawavuruga wanafunzi, huku ni er tu mwanzo mpaka mwisho, jeg er, du er, vi er, de er. Sasa kitenzi kama hicho ukikiacha peke yake hakisemi chochote kuhusu nani. Sisi tukisema "tunaongea" mtu, wakati na tendo vyote vimo kwenye kifurushi kimoja. Wao wamevifungua, tendo na wakati viko kwenye snakker, mtu wamemtoa nje anatembea na miguu yake, lazima umtaje kila safari.

Ila utasikia vijana wanaulizwa kitu wanapandisha mabega wanasema "vet ikke", sijui, bila jeg, na meseji za simu zimejaa "kommer snart" nakuja sasa hivi, "er på vei" niko njiani. Hiyo ni ya meseji na ya kinywa kivivu, ukiiweka kwenye mtihani wanakukata. Sehemu ambapo kuacha ni halali kabisa ni kwenye amri, kom! vent litt! yaani njoo, subiri kidogo, sawasawa na kwetu.

Sasa ukikubali kwamba jeg ni ni-, kitu cha pili kinachowatesa watu kinakuwa chepesi zaidi, nacho ni wapi pa kuiweka. Maticha wanaita kanuni ya kitenzi nafasi ya pili, wanachora visanduku ubaoni, mi visanduku vile sikuwahi kuvielewa. Mfano ni huu. Unataka kusema "leo nakula samaki". Wewe unaenda neno kwa neno, leo ni i dag, na- ni jeg, kula ni spiser, samaki ni fisk, unatoa "i dag jeg spiser fisk". Kila mmoja wetu ameshasema hivyo na kila mmoja amesahihishwa. Sahihi ni "i dag spiser jeg fisk". Jeg imeruka nyuma ya kitenzi.

Nilichokuja kujiambia ni kwamba jeg ni kama kupe kwenye ng'ombe. Kitenzi ndo ng'ombe. Kupe wetu sisi, ni-, ameng'ata upande wa kushoto tu siku zote, nakula, nitakula, nimekula. Kupe wao anaweza kung'ata kushoto au kulia, ila kwenye ng'ombe hatoki. Sentensi ikianza na mtenda mwenyewe anakaa kushoto, jeg spiser. Ikianza na kitu kingine chochote, leo, jana, nyumbani, samaki, basi yule kupe anahamia kulia, i går spiste jeg, hjemme spiser jeg, fisk spiser jeg. Ikiwa swali pia anahamia kulia, spiser du fisk? Ukimsikia mtu amesema leo halafu akamtaja mtenda kabla ya kitenzi ujue kupe kakaa pabaya.

Kuna pahala pamoja ambapo wanachomeka kitu kati ya kupe na ng'ombe, nako ni kwenye vipande vinavyoanza na kwa sababu, kwamba, kama na vingine vya aina hiyo, pale ikke ya kukanusha inajipenyeza katikati, "fordi jeg ikke har tid", kwa sababu sina muda. Kama ndo unaanza hii usijali kwanza, itakukuta yenyewe.

Haya, du.

Hii du ilinipa shida ambayo haikuwa ya sarufi. Mi nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, na wiki ya kwanza naingia chumbani kwa bibi wa miaka tisini na kitu, mwenzangu kijana wa miaka ishirini anamwambia "har du sovet godt?" Mi moyo ukashtuka. Du kwa bibi wa namna hii? Bila hata shikamoo? Maana kichwani du ilikuwa imeandikwa wewe, na kwetu ukimwambia mtu mzima "wewe" namna hiyo, tena ukiifupisha "we", umemtukana, mama yangu angenirushia ndala. Kwa hiyo kwa wiki kama mbili nikawa naongea na wazee kwa kuzungukazunguka, nakwepa neno, nasema "kahawa, ndiyo?" nikionyesha kikombe, walidhani sijui lugha kabisa.

Mpaka siku nikajisikiliza mwenyewe kwa Kiswahili. Bibi yangu mzaa mama namwambia nini asubuhi? "Shikamoo bibi, umelala salama?" U-me-lala. Ile u- si ndo du? Sijamtukana bibi maisha yangu yote na u- nimemwambia kila siku. Du sio wewe, du ni U-. Har du sovet godt, umelala vizuri, basi, hakuna kosa lolote. Heshima wao wanaiweka kwenye sauti, kwenye kugonga mlango kabla hujaingia, kwenye kuuliza kabla ya kumgusa mtu. Shikamoo hawana na hilo nimelizoea ingawa mpaka leo nainama kidogo nikisalimia.

Zamani walikuwa na namna ya heshima, De yenye herufi kubwa, unamwambia mtu mmoja kana kwamba ni wengi. Ukisoma barua za zamani au riwaya za zamani utaikuta kila mahali. Ilianza kufa miaka ya 1960 na 1970 na sasa hivi ukimwambia daktari De atadhani unamtania, daktari ni du, ticha ni du na unamwita jina lake la kwanza, bosi ni du. Familia ya mfalme ndo wana mambo yao ya Deres Majestet, ila sidhani kama utakutana nao kwenye foleni ya duka.

Tukija kwa han na hun, hapa ndo kwenye aibu, na hapa karatasi ya ticha haikudanganya, hapa ni sisi wenyewe. Kiswahili hakijali kama mtu ni mwanamke au mwanaume. Amekuja, amekula, amelala, ile a- inabeba wote. Sio kwamba hatujui nani ni nani, ila mdomo wetu haujawahi kulazimishwa kulisema kila sentensi. Kinorwei kinalazimisha, han kwa mwanaume, hun kwa mwanamke, na inabidi uamue KABLA ya kitenzi, ukiwa hata hujamaliza kufikiria.

Siku moja natoa ripoti ya kubadilishana shifti, wauguzi wanne wamekaa na kahawa zao, naeleza kuhusu mzee mmoja wa kike, chumba cha mwisho. Nikasema hun amekula vizuri. Kisha han amekataa dawa. Hun akalala saa nane, han akaamka analia. Nikaona nesi mmoja ameshusha kalamu. Akauliza kwa upole, hao ni wangapi? Nikamwambia mmoja. Akasema, sasa aliyekataa dawa ni nani? Hapo ndo nikaelewa kwamba kwa masikio yao nimeelezea watu wawili, mwanamke aliyekula akalala na mwanaume fulani asiye kwenye orodha anayekataa dawa na kulia usiku. Kwa mtu wa kwetu ile ripoti ingeeleweka bila tatizo. Amekula, amekataa dawa, akalala, akaamka analia. Mtu mmoja.

Dawa niliyoipata sio kukariri, han na hun nilishazijua tangu siku ya kwanza. Dawa ilikuwa kuanza ripoti na jina, nasema jina la bibi, namwona sura yake kichwani, halafu ndo naendelea, na ile sura inanivuta hun yenyewe. Nikichoka mwisho wa shifti ya usiku bado inanitoka han kwa bibi, na nasikia inanitoka kabla sijamaliza kuitamka. Kuna neno la tatu, hen, kwa mtu ambaye hutaki au huwezi kutaja jinsia yake, Språkrådet, baraza lao la lugha, liliikubali kwenye maandishi rasmi mwaka 2022. Nikiisikia nafikiria, jamani, miaka yote hiyo a- yetu ilikuwepo. Ila usiitumie hen kama njia ya mkato ya kumkwepa han na hun, ukimwita bibi wa watu hen kwenye ripoti maswali yatakuwa mengi zaidi.

Den na det watu wanaziogopa bure. Wenzetu waliotoka kwenye Kiarabu au Kitigrinya darasani walikuwa wanauliza kwa nini kitu kimoja kiitwe den na kingine det, wana maswali, mi na yule dada Mkongo tumekaa kimya kwa sababu hilo kwetu sio swali. Kiti kimevunjika, meza imevunjika, jembe limevunjika, ukuta umevunjika. Ni ngeli! Sisi tumezaliwa kwenye ngeli zaidi ya kumi, wao wanazo tatu na kwenye viwakilishi zinabaki mbili. Kila jina linatanguliwa na kineno chake, en, ei au et. Jina linalobeba en au ei linarudiwa na den, jina linalobeba et linarudiwa na det. Hvor er mobilen? Den ligger på bordet. Simu iko wapi, iko mezani, den ndo ile i-. Hvor er brevet? Det ligger på bordet. Barua iko wapi, iko mezani, brev ni ya et kwa hiyo det. Kazi iliyopo ni kukariri kila jina na en, ei au et yake tangu siku unapolijua, bila hivyo utabahatisha maisha yako yote.

Kitu cha kuangalia tu ni kwamba wao hawana ile huruma yetu kwa vyenye uhai. Sisi kiboko akifanya kitu tunasema amefanya, hatusemi kimefanya hata kama jina lake linaanza na ki-, maana anapumua. Wao jina la et ni la et tu. Barn, yaani mtoto, ni et barn, kwa hiyo kitabuni utakuta barnet linaitwa det, mara ya kwanza kusoma nilidhani mtoto kafa. Kwenye maongezi wakishamjua mtoto wanasema han au hun kama kawaida. Mbwa ni den ukiwa humjui, na han au hun ukimjua, na ogopa sana kumwita den mbwa wa mtu mbele ya mwenyewe.

Ila det ina kazi ya pili na hiyo ndo tamu, na hiyo sijawahi kuona karatasi yoyote imeieleza vizuri kwa mtu wa Kiswahili. Det regner, yaani mvua inanyesha. Ticha anasema hapa det haimaanishi kitu, ni mtenda wa kujazia, kwa sababu sentensi lazima iwe na mtenda hata kama hakuna anayetenda. Wenzangu wakawa wanauliza det gani, nani anayenyesha. Lakini we hebu fikiria, sisi tunasema nini asubuhi jua likitoka? Kumekucha. Ku- ni nani? Hakuna. Kunanyesha. Kuna baridi. Kumetulia. Ile ku- haimhusu mtu wala kitu, ni mazingira tu, hali ilivyo. Basi det ya namna hii ni KU-. Det er kaldt, kuna baridi. Det snør, kunaanguka theluji. Det er mange folk her, kuna watu wengi hapa. Hata ile ya ajabu, det sitter en mann på trappa, ambayo ukiifasiri na "hicho" unapata upuuzi, kwetu ipo mzimamzima, kwenye ngazi kumekaa mtu. Tangu nilivyoshika hilo sijakosea tena det ya hali ya hewa, na huku ukiijua det ya hali ya hewa umejua nusu ya maongezi ya watu.

Na ukipigiwa hodi ukauliza hvem er det, jibu ni det er meg, ni mimi. Ukimtambulisha kaka yako kwa mara ya kwanza pia unaanza na det, det er broren min, huyu ni kaka yangu, ukishamtambulisha ndo unahamia kwa han. Tena majibu mafupi, jamani, hapa tunajulikana kwamba ni wageni kutoka mbali. Ukiulizwa har du bil, una gari, wewe unajibu "ja, jeg har" na mtu anabaki anasubiri una nini. Wao wanasema ja, det har jeg. Snakker du norsk? Ja, det gjør jeg. Er du trøtt, umechoka? Ja, det er jeg. Ile det mbele inarudisha kitu kizima kilichoulizwa, kama unasema hilo ninalo, hilo nafanya, na angalia kupe wetu jeg amehamia kulia kama kawaida.

Sasa masikio. Kuna mtego hapa ambao ulinipotezea marks kwenye imla nyingi tu. Det inaandikwa na t lakini t haitamkwi, inasikika "de". Na ile de ya wao, inasikika "di". Kwa hiyo ukisikia de unaandika det, na ukisikia di unaandika de. Kwa sisi tuliozoea kwamba kinachoandikwa ndo kinachosomwa hii ni dhuluma, ila ndo hivyo. Du na hun zina u ambayo hatuna, weka midomo kama unasema u halafu ulimi useme i, jizoeze bafuni. Dere ni nyinyi, haina uhusiano na dereva, vuta ile e ya kwanza. Na vi ni sisi, hiyo inachanganya siku mbili tatu kwa sababu vi- kwetu ni vitu, viti vikombe vijiko, unaona watu wazima wanajiita vi unacheka peke yako.

Man nayo usiiache, haiko kwenye zile tisa ubaoni lakini iko mdomoni mwa kila mtu, ni "mtu" yule wa kwetu asiye na jina, man må ha gode sko, mtu lazima awe na viatu vizuri. Haimaanishi mwanaume ingawa inafanana na mann yenye n mbili, ambayo ndo mwanaume.

Kuhusu meg, deg, ham, henne, oss na dem sitaingia sana, hao sio watenda, hao ndo wale wanaokaa katikati ya kitenzi chetu, ananipenda, nakuona, anatupigia simu. Hun elsker meg, jeg ser deg, han ringer oss. Meg inasomwa "mai" na deg "dai", zinafuatana na yai vizuri tu ukiziimba. Dere haibadiliki, den na det pia hazibadiliki, han unaweza kuiacha han au kuifanya ham, zote zinakubalika.

Umeshika yote hayo, unajiona fundi, unapanda basi Trondheim, na hakuna anayesema jeg.

Hili nalo lazima mtu akwambie mapema usije ukadhani umesoma lugha ya nchi nyingine. Norwei ina lugha moja ya Kinorwei lakini ina maandishi mawili rasmi, bokmål ambayo ndo wengi wanaandika na ndo tunayofundishwa sehemu nyingi, inatokana na Kidenishi cha enzi ambazo Norwei ilikuwa chini ya Denmark mpaka 1814, na nynorsk ambayo chanzo chake ni jamaa mmoja, Ivar Aasen, aliyezunguka vijijini katikati ya karne ya 19 akikusanya lahaja, akazitengenezea sarufi mwaka 1848 na kamusi mwaka 1850. Kwenye nynorsk jeg inakuwa eg, hun inakuwa ho, de ya wao inakuwa dei, na kitabu, bok, kinaitwa ho kama mwanamke badala ya den. Hayo ni maandishi. Midomoni kila mtu anaongea ya kwao na haoni aibu hata akiwa waziri. Bergen na Stavanger wanasema eg, ambayo inakaribiana na egg, na egg ni yai, kwa hiyo yai la Oslo na yai la Bergen mwishowe ni yai tu, mi nililifurahia hilo peke yangu kwa wiki nzima. Romsdal wanasema i. Toten na Hedmark utasikia je. Trondheim na sehemu kubwa ya kaskazini kuelekea Tromsø ni æ, mdomo wazi kama mbuzi. Wana sentensi yao ya kuwatania wageni, mtoto wa shule anasema yuko darasa la A na yeye pia, æ e i A, æ å. Ukiisikia kwa kasi hakuna konsonanti hata moja, unadhani mtu amejigonga kidole.

Na dere huku inakuwa dokker, de inakuwa dem hata ikiwa mtenda, na majina ya watu yanawekewa han na ho mbele, han Ola, ho Kari, kama sisi tunavyosema yule Juma. Usijaribu kuyaongea yote. Ongea jeg yako ya kitabu, kila mtu anaielewa, fungulia tu masikio hizo nyingine. Æ ikitaka kuingia itaingia yenyewe, yangu iliingia mwaka wa tatu nikiwa nagombana na mtu wa simu kuhusu bili, nilivyokata simu ndo nikagundua nilisema æ mwanzo mpaka mwisho.

Binti yangu amezaliwa hukuhuku, ana miaka sita, Kiswahili anakisikia kwangu na kwa bibi yake kwenye simu. Juzi yuko jikoni anasema "mama, mimi taka maji". Nikamwambia sema nataka. Akasema "mimi nataka". Nikamwambia hapana, nataka tu. Akaniangalia kama nimepungukiwa, akauliza kwa Kinorwei, sasa mimi niko wapi hapo? Nikamwonyesha ile na. Akacheka sana, akaenda kuchukua maji mwenyewe, na anavyopita ananiambia kwamba jana kwenye simu nilimwita ticha wake han.